Ami Alitaka Kioo, Bibi Alitaka Sitara: Ukumbi wa Picha Uliozua Kasheshe Mji Mkongwe

Kuna familia moja Zanzibar ina nyumba Mji Mkongwe, zile nyumba ambazo ukipita na simu mkononi lazima usimame upige picha. Mlango wa kuchonga, baraza nje, kuta nene za mawe ya matumbawe, ghorofa mbili, na katikati ua ulio wazi mpaka juu. Babu wa familia hiyo alikuwa mpiga picha. Harusi, bandari, watoto wa skuli, mashindano ya ngalawa, vyote vilipita kwenye kamera yake. Alipofariki aliacha masanduku saba ya picha na filamu. Na bibi.

Mtoto wake mmoja anaishi Muscat, na si mnajua Zanzibar na Oman, kila ukoo una mtu huko. Mambo yake si mabaya. Akaja na wazo: nyumba iongezwe ukumbi wa picha, watalii waingie kwa kiingilio, jina la baba lisipotee. Kazi ya kuchora akampa mtoto wa kaka yake, dada wa miaka 29, msanifu majengo, ambaye mpaka siku hiyo alikuwa anachora fremu za maduka na nyumba za watu huko Dar. Mradi wa kwanza mkubwa utakaobeba jina lake. Nani angekataa?

Maelekezo ya ami yalikuja WhatsApp, yamepangwa kwa namba kabisa. Moja, ua ufunikwe kwa kioo, kama kule Paris. Mbili, ukuta kati ya vyumba viwili vya chini uvunjwe, upatikane ukumbi mmoja mpana. Tatu, picha kubwa kubwa za maharusi zitundikwe humo, maana ndizo nzuri kuliko zote. Nne, chumba cha chini cha nyuma kiwe duka la zawadi pamoja na choo cha wageni.

Hicho chumba cha chini cha nyuma ndimo anamolala bibi.

Ami hana roho mbaya. Kwenye hesabu zake bibi alipangiwa chumba cha juu, kitanda kipya, AC. Ishu ni magoti. Bibi ana zaidi ya miaka 80, na ngazi za nyumba zile ni za wima, vidaraja vyembamba, kushuka ni kwa kushika ukuta. Ukimpandisha juu umemfungia juu. Na ua ndio maisha yake: hapo anapika, hapo anachambua mchele, hapo majirani wanapiga hodi na kukaa. Lakini mtu aliye Muscat haoni hayo kwenye mchoro. Kwenye mchoro ua ni mstatili mweupe tu, unasubiri matumizi.

Dada akaanza kama wasanifu wote wanavyoanza, kwa kupima. Na hapo nyumba ikaanza kujibu yenyewe.

Chumba cha kwanza, upana mita 2 na sentimita 70. Cha pili, 2 na 65. Cha tatu, karibu hivyo hivyo. Vyumba virefu, vyembamba, kama korido. Wageni wengi wakiingia nyumba za Mji Mkongwe hujiuliza kwa nini watu waliojenga kuta za kifahari namna ile walijibana ndani. Jibu liko juu ya kichwa: boriti. Dari linabebwa na miti ya mikoko, na boriti ya mkoko haivuki nafasi kubwa. Ikizidi karibu mita 3 inaanza kupinda, maana juu yake kuna mawe na chokaa, uzito mkubwa. Kwa hiyo urefu wa mti ndio uliochora chumba, na chumba ndicho kilichochora mji.

Sasa turudi kwenye namba mbili ya ami, ule ukuta wa kuvunja. Ukuta ule umepokea vichwa vya boriti kutoka pande zote mbili. Dada alimwita fundi mmoja mzee, mwashi wa chokaa wa siku nyingi, amsikie anasemaje. Mzee akaugonga kwa kiganja, akaangalia juu, akasema, "Mwanangu, huu si pazia. Huu ndio unaowashika waliolala juu."

Na Zanzibar hakuna anayehitaji kuelezwa mara mbili. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa 1883 enzi za Sultani Barghash, lilistahimili hata mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896. Lakini tarehe 25 Desemba 2020, likiwa kwenye matengenezo, sehemu yake iliporomoka na watu wakapoteza maisha. Tangu siku ile, ukitamka "tuvunje ukuta kidogo" Mji Mkongwe, watu wanakutazama mara mbili.

Fundi akamwonesha na kitu kingine. Kona moja ya chini iliwahi kuzibwa kwa saruji. Kwa macho ilionekana imara kuliko ukuta wote. Mzee akaichokoa kwa bisibisi, gamba likabanduka zima, na nyuma yake kichwa cha boriti kimekuwa unga. Ukuta wa matumbawe unanyonya maji na kuyatoa, unapumua. Chokaa inauacha upumue. Saruji inaziba, maji yanabaki ndani, chumvi inasukuma plasta kwa nje, mti unaoza taratibu. Kwa hiyo anayetengeneza nyumba kama hii kwa saruji anadhani anaiongezea nguvu, kumbe anaiwekea kidonda chini ya bandeji.

Bado kioo. Ami alikuwa amependa ile piramidi ya Louvre, kazi ya I. M. Pei iliyofunguliwa 1989. Haki yake, ni kitu kizuri, ingawa Wafaransa wenyewe waliipigia kelele kweli mwanzoni. Ila piramidi ile ni mlango wa kushukia chini. Imesimama katikati ya uwanja mkubwa, haikufunika ua wa mtu anayepikia humo. Na Paris ni Paris. Ua wa nyumba ya Mji Mkongwe ni pua ya nyumba. Hewa ya moto inapanda na kutokea juu, hewa baridi ya vichochoro vyenye kivuli inavutwa ndani kuchukua nafasi yake. Ukifunika juu kwa kioo, umemziba mtu pua halafu umemwekea taa usoni. Hapo utanunua AC, na bili ya umeme italipwa na nani?

Tena hata picha zenyewe hazitaki. Makumbusho duniani zinapoonesha picha za zamani za karatasi, kawaida mwanga hauzidi lux 50. Jua kali la nje linafika lux 100,000. Picha ya harusi ya miaka ya sitini ukiitundika chini ya paa la kioo, bi harusi anafifia mbele ya macho yako mpaka abaki kivuli. Ukiongeza na unyevu wa pwani, ukungu nao unakuja kula chake.

Kwa hiyo dada alikuwa na sababu za kutosha za kumkatalia ami kwa lugha ya kitaalamu. Mzigo, hewa, mwanga, kwisha. Angeweza kuishia hapo, akachora kitu salama upande wa nyuma, akalipwa, akapost. Kilichobadilisha mradi wote ni masanduku.

Alikaa na bibi uani wachague picha. Bibi akawa anazipanga mafungu mawili. Fungu moja linaangalia juu. Fungu la pili anazigeuza kifudifudi. Dada akadhani zile zilizogeuzwa zimeharibika. Akaichukua moja akaitazama: bi harusi, kanga za sherehe, hina mpaka kwenye viwiko, nywele wazi, anacheka kwa mdomo mzima. Picha kali kuliko zote.

"Bibi, hii mbona umeigeuza? Hii ndiyo ya ukutani!"

"Hiyo usitie."

"Kwa nini?"

"Huyo mke wa mtu. Kapigwa ndani, siku yake, kichwa wazi, akijua wataomwona ni mama yake na mumewe na dada zake. Leo utie Mzungu alipe kiingilio amtazame? Ushamuuliza mwenyewe?"

Dada akajaribu kujitetea. "Lakini bibi, si babu ndiye alimpiga, na yeye si ndugu yake."

Bibi akacheka, yaani akacheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. "Babu yako? Babu yako aliingia lini chumba cha wanawake? Alikuwa anakaa nje na wanaume, ananitegeshea mashine, naingia nayo mie. Hizo zote za ndani nimepiga mie."

Masanduku saba. Karibu nusu ya kilichomo ni kazi ya bibi. Miaka yote familia inasema "picha za babu", nyuma ya kila picha kuna muhuri wa studio wenye jina la babu, na ukumbi mzima ulikuwa unaenda kujengwa kwa jina la babu. Na chumba cha aliyezipiga kilikuwa kinageuzwa choo cha wageni.

Usiku ule dada aliweka michoro yote pembeni akaanza upya, safari hii kwa kufuata adabu ya nyumba yenyewe. Maana ukiitazama vizuri, nyumba ya Waswahili wa mjini imepangwa kwa swali moja: nani anaona nini. Barazani anakaa yeyote, hata mpita njia. Ukivuka mlango, wewe ni mgeni anayejulikana, na mara nyingi njia ya kuingilia inakata kona ili jicho la barabarani lisifike uani. Ukizidi kuingia, umeshakuwa mtu wa ndani. Hata ikulu ilifuata hivyo. Zamani majumba ya Sultani pale ufukweni yaliunganishwa kwa madaraja yaliyofunikwa, wanawake wapite juu kutoka jumba hadi jumba bila kushuka barabarani. Na kwenye miji ya pwani, kuanzia Lamu, watu wa kawaida walikuwa na kitu cha aina hiyo: wikio, chumba au daraja linalopita juu ya kichochoro na kuunganisha nyumba mbili. Familia ikikua, binti akiolewa, nyumba inapandishwa au inavushwa upande wa pili.

Hapo ndipo penye somo. Watu wanaongea kama nyumba za kale ziliganda tangu siku ya kwanza, na anayeongeza chochote ni mharibifu. Si kweli. Nyumba hizi zimeongezwa siku zote. Ila zilikuwa zinaongezwa ili mtu apate pa kukaa. Mpango wa ami ulikuwa unaongeza nyumba kwa kumtoa mtu.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na gofu, kipande cha jengo la familia kilichoanguka zamani, kimebaki msingi na mti wa mlimau. Dada akapeleka ukumbi huko. Upana wake ndani ni mita 2.7, kipimo kile kile cha boriti, na urefu mita 9. Mwembamba, ndiyo. Lakini picha hutazamwa kwa kutembea, na chumba chembamba kinakutembeza. Chini umeachwa wazi, kivuli cha kukaa na kupikia. Ukumbi wenyewe uko juu, na unaufikia kutoka nyumba ya zamani kwa wikio fupi lenye mbao za kimia.

Jengo jipya halikuegemezwa kwenye lile la zamani. Lina msingi wake, na kati ya kuta mbili kuna nafasi, kwa sababu jengo jipya huwa linakaa chini kidogo kidogo, na likishikana na ukuta mzee litaupasua. Kuta ni za mawe na chokaa, ila hazina nakshi za kuigiza ukale. Mkataba wa Venice wa 1964, ambao watu wa uhifadhi huutumia kama mwongozo, unasema wazi kwamba nyongeza ijulikane kuwa ni nyongeza, isijifanye kitu cha asili. Upande wa mashariki na magharibi hakuna dirisha hata moja, maana jua la asubuhi na la jioni ndilo linaloingia chumbani kwa ubavu. Mwanga unapita kwenye matundu ya juu, chini ya paa lililotokeza sana, unagonga dari kwanza ndipo unashuka. Fremu hazikugusa ukuta, zimeachiwa nafasi ya vidole viwili hewa ipite nyuma. Na zinazotundikwa ni nakala. Picha zenyewe zinabaki kwenye kabati kavu, gizani.

Mpangilio nao ukafuata adabu ya nyumba. Vile vyumba viwili vya chini vimebaki viwili, ukuta umebaki, na humo zinaingia picha za bandari, za mitaa, za ngalawa. Zidaka zilizokuwa kwenye kuta toka zamani zimepata kamera za babu. Hapo mtalii ruksa. Ukumbi wa juu, ng'ambo ya wikio, ni wa picha za ndani: zile tu ambazo mwenyewe, au watoto wake, wameulizwa na kukubali. Siku fulani za wiki unafunguliwa kwa wanawake na familia peke yao. Zilizogeuzwa kifudifudi zinabaki zimegeuzwa.

Na chumba cha bibi ni chumba cha bibi. Choo cha wageni kimeenda upande wa gofu.

Ami alijibu kwa voice note ya dakika saba. Kwa kifupi: "Nimetoa pesa ya ukumbi, mnanijengea ushoroba? Na picha nzuri kuliko zote ndizo mnazoficha? Biashara gani hiyo?"

Na tuseme ukweli, hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Nyumba ya zamani inakula pesa kila masika. Mfereji mmoja wa paa ukiziba, maji yanaingia ukutani na kazi ya miaka kumi inaondoka. Bila kiingilio nani atalipa chokaa? Nyumba ngapi za Mji Mkongwe zimeanguka zikiwa na heshima zao zote, kwa kukosa tu mtu wa kulipa fundi? Mji umeingia urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000, lakini cheti hakizibi paa. Dada alijua hayo, na alijua pia kwamba ami akisema basi, mradi umekufa na jina lake na yeye limekwenda nao.

Aliyemjibu ami ni bibi. Alipiga mwenyewe, simu ikiwa kwenye spika kwa sababu masikio yamechoka, kwa hiyo uani kote walisikia.

"Mwanangu, jina la baba yako halijapotea. Limo nyuma ya kila picha. Langu ndo halijaandikwa popote, na sijakudai. Ila wale wanawake walinifungulia mlango mie. Siwezi kuwauza."

Ami alinyamaza kwa muda. Halafu akauliza kitu ambacho, kwa umri wake wote, hakuwahi kumuuliza mama yake: "Mama, kumbe zile za harusi ya dada ulipiga wewe?" Wakaongea saa nzima. Dada akaenda zake kununua mkate.

Haikuishia kwa kukumbatiana. Ami alikata bajeti karibu theluthi moja. Akasisitiza kioo kiwepo, na kikawepo: dirisha moja la wikio linalotazama uani, ambalo kwa kweli limependeza. Michoro ikapelekwa kwa mamlaka inayosimamia hifadhi ya Mji Mkongwe, ile iliyoanzishwa 1985, maana huko hupigi hata tofali bila kibali. Na pesa ya kwanza iliyoingia haikwenda kwenye ukumbi kabisa. Ilikwenda kwenye mifereji ya paa na kutoa ile saruji. Haina mvuto kupost mfereji, lakini ndiyo kazi inayofanya vitu vingine vyote visimame.

Kilichobaki ni kibao cha mlangoni. Ami anataka jina la baba. Dada anataka majina mawili, saizi moja. Bibi kaambiwa aamue, kasema waandike la mumewe kwa herufi kubwa, lake dogo chini yake, mradi liwepo. Dada hajakubali. Bado wanabishana, na kibao hakijachongwa.

Na wewe unayesoma hapa, kwenu kuna albamu ya zamani kabatini. Umewahi kuuliza nani alishika kamera?